Njia ya Bujumbura Kwenda Baharini

Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mkataba juu ya njia za Afrika Mashariki. Ubelgiji ilikodishiwa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zilipita Tanganyika kwa reli bila kutozwa ushuru, kisha zikavushwa ziwani hadi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Wenyeji hawakuulizwa.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipokaribia uhuru, Julius Nyerere aliukataa mkataba huo. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: Uingereza ilikuwa mdhamini tu, na mdhamini hawezi kugawa milele mali aliyokabidhiwa kwa muda. Kwa Burundi, iliyojitawala tarehe 1 Julai 1962, hoja hiyo ilikuwa upanga ukatao kuwili. Iliondoa fedheha ya ukoloni, lakini njia ya baharini ikabaki mikononi mwa jirani. Shehena ziliendelea kupita Kigoma kwa maelewano, na maelewano si haki.

Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982 iliitambua haki ya nchi zisizo na pwani kufika baharini, ila masharti ya kupita ikawaachia majirani wapatane. Hapa hapa Bujumbura, tarehe 19 Februari 1985, Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda zilitia sahihi Mkataba wa Ukanda wa Kaskazini, kwa njia itokayo Mombasa. Itifaki zake ziligusa bandari, forodha, hati na barabara. Tangu hapo sheria ya mataifa ilimhusu hata askari wa kizuizini: lori lililotiwa lakiri Mombasa hukaguliwa lakiri na hati zake, halifunguliwi ovyo pasipo shaka ya magendo. Kila siku linapozuiliwa bure, gharama humwangukia mnunuzi sokoni Bujumbura.

Mkataba huo ulijaribiwa vikali. Jeshi lilipotwaa madaraka Burundi Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha tarehe 31 mwezi huo huo wakaiwekea nchi vikwazo vya uchumi. Malori yakazuiwa, mafuta yakawa adimu. Aprili 1997 vikwazo vililegezwa kwa chakula na dawa, na Januari 1999 vikasimamishwa. Muda wote huo sahihi za Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zingali chini ya mkataba wa Bujumbura.