Makumbusho ya Vita na Neno la Mwalimu

Ninyi mlio Tarime na Serengeti mwaijua Butiama, jirani yenu, ambako makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yanahifadhi vitu vyake na zawadi alizopewa. Leo nataka kuwaeleza habari za makumbusho mengine, yaliyo katika mji wa Umuahia, nchi ya Nigeria. Maana habari zake zamhusu yeye pia.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1985, yawe ukumbusho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria. Mgeni huona eropleni za vita, magari ya deraya yaliyoundwa na mafundi wa Biafra, na mabomu yao yaliyoitwa Ogbunigwe. Hulitazama pia handaki ambamo Redio ya Biafra ilisema na watu wake.

Asili ya vita ni hii. Mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na waliosalimika wakakimbilia kwao mashariki. Tarehe 30 Mei, 1967, Ojukwu akatangaza kwamba mashariki ni dola ya peke yake, jina lake Biafra. Mwezi wa Julai vita vikaanza. Nigeria ikazifunga njia za kuingia, na watoto wengi mno wakafa kwa njaa.

Tarehe 13 Aprili, 1968, siku Mwalimu alipotimiza miaka 46, Tanzania ilikuwa dola ya kwanza kuitambua Biafra. Wengi walistaajabu, maana ndiye aliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Tena wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hoja yake ilikuwa kwamba dola huwekwa ili iwalinde watu; ikiwa watu hawana salama ndani yake, umoja wa kulazimishwa hauna maana.

Mwezi uliofuata Gabon, Ivory Coast na Zambia nazo zikaitambua. Lakini vita havikukoma. Tena Tanzania ilijikuta upande mmoja na Ureno, iliyoisaidia Biafra, hali Dar es Salaam ilikuwa makao ya Frelimo, waliopigana na Ureno hiyo hiyo. Tarehe 15 Januari, 1970, Biafra ilisalimu amri.

Je, lile neno lilifaa nini? Wako wasemao kwamba lilirefusha matumaini, na matumaini yakarefusha njaa. Shutuma hiyo ni nzito, wala haifai kuipuuza. Lakini wazee wa Kikurya waliokaa barazani kupatanisha koo wanajua kwamba jirani anyamazaye huepuka lawama ya leo, asiepuke ya kesho. Neno la Mwalimu halikuiokoa Biafra. Liliwanyima tu viongozi wa Afrika udhuru wa kusema kwamba mauaji ndani ya mipaka ya mwenzao hayawahusu.

Basi mtakapowapeleka watoto Butiama, waelezeni na habari hii. Kwaherini.