Upimaji wa dawa za mitishamba dhidi ya minyoo

Upimaji wa dawa za mitishamba dhidi ya minyoo ni uchunguzi wa kisayansi wa kujua kama dondoo la mmea, yaani dawa iliyotolewa kwenye gome, mizizi, majani au mbegu zake, linaua au kufukuza kweli minyoo inayoishi ndani ya mwili wa binadamu au mnyama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana minyoo ya tumbo inayoenezwa kwa njia ya udongo, kama vile mchango, minyoo ya safura na minyoo mjeledi. Dawa zinazotumika zaidi ni albendazoli na mebendazoli. Ni nafuu na salama, lakini dozi moja mara nyingi haitoshi kuondoa minyoo mjeledi. Kwa kondoo na mbuzi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu katika nchi nyingi minyoo yao imeshakuwa sugu kwa dawa za dukani. Ndiyo maana watafiti wamerudi kwenye mimea ambayo wafugaji na waganga wameitumia kwa muda mrefu.

Maabarani

Mmea hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika maji au alkoholi. Uchaguzi huo si jambo dogo: mfugaji huchemsha gome kwa maji, na dondoo la alkoholi laweza kuwa na kemikali tofauti na zile anazomnywesha mnyama wake.

Dondoo hujaribiwa kwanza kwenye mayai ya minyoo ili kuona kama yataanguliwa, au kwenye viluwiluwi na minyoo wazima ili kuona kama wataacha kujongea. Baadhi ya watafiti hutumia nyungunyungu kwa kuwa hupatikana kirahisi. Hicho ni kipimo dhaifu, kwani nyungunyungu si kimelea, na ukoo wake uko mbali na ule wa mchango au safura.

Kwa wanyama

Dondoo linaloua minyoo kwenye chupa laweza kushindwa tumboni. Ndani ya chupa mnyoo amezama katika dawa. Ndani ya kondoo dawa huchanganyika na chakula kingi, na vijidudu vya tumbo la kwanza huweza kuivunjavunja kabla haijamfikia mnyoo.

Kwa hiyo kondoo hugawanywa katika makundi: wanaopewa dondoo, wanaopewa dawa inayojulikana, na wasiopewa kitu. Kisha mayai ya minyoo huhesabiwa katika kila gramu ya kinyesi. Kundi lisilotibiwa likiwa na wastani wa mayai 2,000 na lililopewa dondoo mayai 500, upungufu ni asilimia 75. Bila kundi lisilotibiwa hesabu haina maana, kwa sababu mayai hupungua pia kutokana na kinga ya mwili, malisho au majira. Tena, mnyoo jike aweza kuacha kutaga kwa muda bila kufa. Uhakika mkubwa zaidi hupatikana kwa kuchinja baadhi ya wanyama na kuhesabu minyoo iliyobaki.

Utafiti wa Kenya na Uganda

Mimea iliyochunguzwa sana Afrika Mashariki ni Albizia anthelmintica, ambayo Wamasai huiita olmukutan na hutia gome lake katika supu, na Myrsine africana, inayojulikana kwa Wasamburu kama seketeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya kondoo wa Samburu walioambukizwa malishoni ulionyesha kwamba mimea hiyo ilipunguza mayai kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini majaribio mengine ya Kenya ya miaka hiyohiyo, ambamo kondoo waliambukizwa kwa makusudi mnyoo mmoja tu, Haemonchus contortus anayenyonya damu katika tumbo la nne, hayakuona nafuu ya kutosha. Huko Karamoja, Uganda, matokeo ya Albizia yalibadilika sana kulingana na dozi.

Tofauti hizo hazithibitishi kwamba wafugaji wamekosea. Aina ya mnyoo, dozi, majira ya kuchuma na namna ya kutayarisha dawa vyote huathiri matokeo, na tafiti hizo hazikufanana katika mambo hayo.

Kwa binadamu

Majaribio kwa watu ni machache. Nchini Nigeria watoto 60 waliokuwa na vimelea vya tumbo walipewa ama mbegu za papai zilizokaushwa na kuchanganywa na asali, ama asali peke yake. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2007, choo cha watoto 23 kati ya 30 waliopewa mbegu hakikuonekana tena na vimelea. Katika kundi la asali walikuwa 5 kati ya 30. Matokeo hayo yanatia moyo, ila watoto walikuwa wachache na choo kilipimwa tena baada ya siku saba tu.

Usalama

Mmea waweza kuua minyoo na bado usifae kwa mgonjwa. Mafuta ya Chenopodium yalitumika sana dhidi ya safura mwanzoni mwa karne ya 20, yakaachwa baada ya kusababisha sumu na hata vifo. Maua ya mti wa koso (Hagenia abyssinica), dawa ya kale ya tegu nchini Ethiopia, yamehusishwa na madhara ya macho yakinywewa kwa wingi. Kwa sababu hiyo dondoo lolote hupimwa sumu yake kwa wanyama wa maabara kabla ya kujaribiwa kwa watu, na watoto wadogo na wajawazito kwa kawaida hawaingizwi katika majaribio ya mwanzo.