Siku za Mwanamke na Moto wa Ufipa

Jina la Sumbawanga, wasemavyo wenyeji, limebeba amri ndani yake: tupa uchawi wako. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na asubuhi zake za Julai zina baridi ambayo sisi watu wa visiwani hatuna nguo yake. Leo Ufipa ni nchi ya mahindi. Zamani ilikuwa nchi ya chuma.

Matanuri machache yangali yamesimama maporini. Wafipa huliita moja ilungu, na yakiwa mengi malungu: udongo uliopandishwa kuzidi kimo cha mtu, mengine yakifika mita tatu. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilipelekwa katika tanuri dogo kusafishwa, ndipo kikafuliwa jembe. Kazi hiyo ilionekana hata katika miaka ya 1930, kisha jembe la dukani likaimaliza.

Walioiandika, wakiwamo wamisionari wa mwanzo wa karne ya 20, wanaeleza kwamba tanuri lilipambwa kama bibi harusi. Fundi alikuwa mumewe, na chuma ndiyo mimba. Kwa hiyo fundi alijitenga na mkewe wa nyumbani hadi kazi iishe, na mwanamke aliye mwezini hakusogea karibu, chuma kisije kikaharibika. Miiko ya namna hii ilikuwapo kwa wahunzi wengi wa Afrika. Wako waonao dharau tupu hapo. Mimi naona pia hofu ya mtu aliyesimama mbele ya nguvu asiyoimiliki. Ila siku za mwanamke zilihesabiwa kwa ajili ya chuma. Yeye mwenyewe alijisikiaje katika siku hizo, halikuwa swali la tanurini.

Tusijione bora huku pwani. Fikihi yetu imejaza kurasa nyingi juu ya hedhi: inaanza lini, inakoma lini, na kwamba swala zilizompita mwanamke halipi ilhali funga ya Ramadhani hulipa. Humo, walau, mwanamke ndiye mhesabuji, na neno lake juu ya mwili wake hukubaliwa. Lakini hesabu hiyo ni ya ibada. Naye kungwi, pamoja na hekima yake yote, alimfunza mwari usafi, staha na mambo ya ndoa.

Swali la hali ya moyo lilichelewa hata kwa waganga wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1931 Robert Frank, daktari wa New York, aliandika juu ya uzito unaowapata baadhi ya wanawake kabla ya hedhi. Mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza wakaupa jina jingine lililoenea. Jina likawa rungu. Kila mwanamke aliyekasirika kwa haki akaambiwa ni mwezi wake.

Uchunguzi uliobadili mazungumzo ulifanyika Trier, Ujerumani, ukachapishwa mwaka 1999 na Clemens Kirschbaum na wenzake. Vijana wa kike na wa kiume walisimama mmoja mmoja mbele ya watu wanaowahukumu, wakatoa hotuba, kisha wakahesabu kinyumenyume kwa sauti. Yakapimwa mate yao kutafuta kotisoli, homoni itolewayo na tezi za juu ya figo mtu anapotishika. Wanawake waliokuwa katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na waliotumia vidonge vya uzazi, kotisoli yao ilipanda kidogo. Waliokuwa katika nusu ya pili, yai likiwa limekwisha kutoka, walipanda zaidi, sawa na wanaume. Ajabu iliyoje! Mwanamke wa nusu ya pili, aliyebebeshwa lawama za dunia, kwa kipimo hicho alifanana na mwanamume.

Uchunguzi uliofuata haukukubaliana wote, na kupanda kwa homoni si udhaifu. Tena mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa Marekani walikwisha onyesha jambo zito: homoni zile zile, zikitolewa kwa kiasi kile kile, ziliwatia huzuni wanawake wenye historia ya mateso hayo, na wasio nayo hazikuwagusa. Tofauti haikuwa katika wingi wa homoni. Ilikuwa katika mwili unaozipokea.

Sisi wafasiri husema msongo wa mawazo. Neno si baya: linatokana na kusonga, kwa maana ya kubana, na mpishi wa ugali anajua jinsi mkono unavyolemewa sufuria inapokaza. Mkono huo huo, unga ule ule, lakini si kila siku uzito ni mmoja.

Msichana wa Kidato cha Nne huko Sumbawanga hufanya mtihani wake wa taifa mwezi Novemba, kwa ratiba moja na mwenzake wa Wete. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha. Hilo lilijadiliwa bungeni, magazetini na majumbani, nami nilifurahi kusikia wanaume wakilitamka neno hedhi bila kukohoa. Mjadala ulihusu bei ya pamba. Nusu nyingine ya mwezi, ile isiyo na damu, ambamo msichana huenda akasimama mbele ya ubao na moyo ukamwenda mbio kuliko wiki iliyopita asijue kwa nini, bado haijapata msemaji.