Kidakio: Ardhi Ipokeayo Mvua

Miongoni mwa istilahi ambazo wataalamu wa maji wa Tanzania wamezitia katika Kiswahili, kidakio yastahili kufafanuliwa kwa utulivu. Asili yake ni kitenzi kudaka. Na maana yake ni ardhi yote ambayo mvua iiangukiayo huteremkia mto mmoja au bwawa moja, mpaka wake ukiwa ni miinuko inayoyagawa maji. Wengine husema eneo lindimaji, walakini neno hilo aghalabu hutajwa penye msitu uliohifadhiwa, ilhali kidakio huingiza kila shamba, kila njia ya ng'ombe na kila paa.

Mipaka yake haifuati ya serikali. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na Bariadi kufanywa makao makuu, una maji yaendayo pande mbili: mto Simiyu na mwenziwe Duma, itokayo pande za Serengeti, humwagikia Ziwa Victoria huko Magu, hali sehemu ya Meatu huelekeza maji yake Ziwa Eyasi. Mvua ikinyesha mto hufurika na kuchukua udongo. Kiangazi hubaki mchanga, na watu hufukua humo wapate maji.

Kwa hiyo dhiki ya nchi hii si uchache wa mvua peke yake, bali ni wepesi wa kuondoka kwake, kwani ardhi iliyovuliwa nyasi na kukanyagwa na mifugo haidaki kitu. Wasukuma walikuwa na tadbiri yao tangu zamani, nayo ni ngitili, malisho yafungwayo mvua zianzapo ili yaliwe kiangazi, ambamo nyasi na miti huyapunguzia maji mwendo hata yakazama. Na mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI, ulioanzishwa mwaka 1986, ulizihuisha.

Lakini afungaye ngitili juu hukosa malisho kwa muda, na faida huonekana kisimani kwa mwingine aliye chini, asiyemjua. Ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka, chini ya bodi za mabonde, kamati za vidakio na jumuiya za watumia maji: kwamba wa juu na wa chini, wajapokuwa wa wilaya mbalimbali, wakae baraza moja, wagawane gharama kama wagawanavyo maji.