Ngeli za Kirundi: Mwongozo kwa anayeanza kujifunza

Na Mwandishi Wetu

MTU akisema Mrundi, Warundi, Kirundi na Burundi, tayari ametumia ngeli nne za lugha ambayo huenda hajawahi kujifunza. Wenyewe husema Umurundi, Abarundi, Ikirundi na Uburundi. Mzizi ni mmoja tu, -rundi. Kinachobadilika ni kipande cha mbele, na kipande hicho ndicho kinachoeleza iwapo anayetajwa ni mtu, watu, lugha au nchi.

Kirundi huzungumzwa na karibu wananchi wote wa Burundi, jambo ambalo ni nadra katika nchi za Afrika. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi, pamoja na Kifaransa na Kiingereza kilichoongezwa kisheria mwaka 2014. Ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda na wa Kiha cha mkoani Kigoma, kiasi kwamba wasemaji wa lugha hizo huelewana kwa sehemu kubwa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ngeli ndizo mlango wa lugha hii. Mfanyabiashara wa Ziwa Tanganyika, mwalimu au muuguzi anayewahudumia Warundi anaweza kukariri maneno mengi, lakini asipojua ngeli hatajua kama ametajiwa kitu kimoja au vingi.

Sehemu tatu za nomino

Nomino ya Kirundi kwa kawaida ina sehemu tatu: irabu ya mwanzo, kiambishi cha ngeli na shina. Neno umuntu ni u-mu-ntu, na abantu ni a-ba-ntu. Kiswahili kimebaki na sehemu mbili tu, m-tu na wa-tu. Anayeanza akiiondoa irabu ile ya mbele, mara nyingi atakutana na neno analolifahamu.

Orodha ya ngeli

Wanaisimu huhesabu ngeli 16, nyingi zikiwa katika jozi za umoja na wingi:

1 na 2 (UMU-/ABA-): Ni ngeli ya watu. Umuntu, abantu; umugabo, abagabo (mwanamume); umwana, abana.

3 na 4 (UMU-/IMI-): Umusozi, imisozi (mlima), umutima, imitima (moyo).

5 na 6 (I-/AMA-): Ibuye, amabuye (jiwe), izina, amazina (jina). Vimiminika vingi vimo katika AMA-, kama vile amazi, amata (maziwa) na amaraso (damu).

7 na 8 (IKI-/IBI-): Ikintu, ibintu (kitu); icumba, ivyumba (chumba). Herufi c husomwa kama ch ya Kiswahili.

9 na 10 (IN-/IN-): Inka (ng'ombe), inzu (nyumba), imbwa (mbwa). Umoja na wingi havitofautiani kwa umbo.

11 (URU-): Wingi wake huchukua ngeli ya 10. Ururimi, indimi, sawa na ulimi na ndimi. Urugo, ingo (makazi ya familia).

12 na 13 (AKA-/UTU-): Ni ngeli ya udogo. Umwana akiwa mdogo sana huitwa akana, na wingi wake ni utwana. Kiswahili sanifu hutumia KI-VI kwa kazi hiyo.

14 (UBU-): Mambo ya dhahania, kama ubwenge (akili) na ubwoba (woga), na pia jina la nchi, Uburundi.

15 (UKU-): Ukuboko, amaboko (mkono), ugutwi, amatwi (sikio). Humo pia mna vitenzi-jina, ila hivyo kwa kawaida havina irabu ya mwanzo: kurima (kulima), gusoma (kusoma).

16 (AHA-): Ahantu, yaani mahali.

Kwa nini K hugeuka G

Msomaji makini atauliza kwa nini ni kurima lakini gusoma, ikintu lakini igitabo (kitabu). Kanuni ni hii: shina likianza na konsonanti isiyo ghuna, kama vile p, t, k, s au h, sauti k ya kiambishi hugeuka kuwa g, na t hugeuka kuwa d. Kwa hiyo kitabu kidogo ni agatabo, na wingi wake ni udutabo. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeichunguza katika Kinyamwezi.

Upatanisho wa kisarufi

Kama ilivyo katika Kiswahili, ngeli ya nomino hutawala sentensi nzima. Igiti kinini kiragwa maana yake ni mti mkubwa unaanguka. Wingi wake ni ibiti binini biragwa. Umugabo arakora ni mwanamume anafanya kazi. Abagabo barakora ni wanaume wanafanya kazi.

Kimilikishi hufuata utaratibu huohuo: igitabo canje ni kitabu changu, ibitabo vyanje ni vitabu vyangu. Kiunganishi nacho hupoteza irabu yake mbele ya irabu ya nomino: igitabo c'umwana (kitabu cha mtoto), izina ry'umwana (jina la mtoto).

Tarakimu za mwanzo pia hupatana na nomino, na hapo kosa dogo linaweza kuleta madhara. Kidonge cha dawa ni ikinini. Kidonge kimoja ni ikinini kimwe, viwili ni ibinini bibiri na vitatu ni ibinini bitatu. Mhudumu wa afya anayempa mgonjwa maelekezo ya kumeza dawa hana budi kusikia na kutamka vyema tofauti ya KI- na BI-.

Mitego kwa Waswahili

Mtego wa kwanza ni wanyama. Katika Kiswahili ng'ombe na mbwa hupatanishwa kama watu: ng'ombe anakwenda, ng'ombe wanakwenda. Kirundi hakifanyi hivyo. Inka hubaki katika ngeli yake: inka iragenda, na kwa wingi inka ziragenda. Kwa kuwa neno lenyewe halibadiliki, ni kitenzi tu kinachoonyesha idadi.

Mtego wa pili ni maneno yanayofanana kwa sauti. Umuti si mti, bali ni dawa, na wingi wake ni imiti. Mti ni igiti, neno ambalo Mswahili anaweza kulidhania kiti, ilhali kiti kwa Kirundi ni intebe. Mizizi ya lugha hizi ni ya udugu, lakini kila lugha imeuweka mzizi katika ngeli iliyoitaka.

Mtego wa tatu ni UMU-, ambayo ni ya ngeli ya 1 na ya 3. Wingi na kitenzi ndivyo huondoa utata: umugabo arakora, bali umuti uravura (dawa inatibu). Kwa sababu hiyo, ni vyema kila nomino ikaririwe pamoja na wingi wake.

Mtego wa mwisho ni irabu ya mwanzo, ambayo huanguka baada ya kionyeshi na baada ya mu na ku. Kitabu hiki ni iki gitabo, na kionyeshi hutangulia. Kitabuni ni mu gitabo. Mlimani ni ku musozi.

Pa kuanzia

Anayeanza hana haja ya kuzibeba ngeli zote 16 kwa siku moja. Jozi nne, yaani UMU-/ABA-, I-/AMA-, IKI-/IBI- na IN-/IN-, zinamtosha kwa mazungumzo ya sokoni na zahanati. Aidha, asitegemee maandishi pekee. Kirundi ni lugha ya toni, na toni hizo haziandikwi katika maandishi ya kawaida. Ngeli ataziona kwenye karatasi, lakini wimbo wa lugha ataupata kwa kuwasikiliza Warundi wenyewe.