Mshipa wa Damu na Mshipa wa Sauti

Katika somo la leo tutajifunza habari za mshipa mfupi wa damu ulio karibu na moyo, na jirani yake, mshipa wa fahamu wa sauti.

Mtoto aliye tumboni mwa mama havuti pumzi. Mshipa huo mfupi huipitisha damu yake pembeni, isiende yote mapafuni. Akizaliwa akalia, mapafu hujaa hewa, na baada ya siku chache mshipa hujifunga.

Lakini kuna watoto ambao mshipa huo hubaki wazi. Damu nyingi hurudi mapafuni, moyo huchoka. Mtoto hutweta, hutokwa jasho anyonyapo, wala haongezeki uzito.

Zamani sana, yapata miaka 1,800 iliyopita, mganga Galen aliujua mshipa huo. Tena, huko Rumi, alikata mishipa ya fahamu shingoni mwa nguruwe. Nguruwe akaendelea kufurukuta, lakini hakulia tena! Watu wakaona kwamba sauti hutegemea mishipa hiyo.

Sasa, angalieni jambo la ajabu. Mshipa wa sauti wa upande wa kushoto hauendi kooni moja kwa moja. Hushuka kifuani, huzunguka karibu kabisa na ule mshipa mfupi, ndipo hupanda kooni.

Tarehe 26 Agosti, 1938, mjini Boston, Marekani, daktari Robert Gross alimpasua kifua msichana wa miaka 7 aliyekuwa na ugonjwa huo. Mshipa wa damu ukichanika, mtoto angeweza kufa. Mshipa wa sauti ukiumizwa, angeweza kubaki na sauti ya kukwaruza. Gross akaufunga mshipa wa damu kwa uzi. Mvumo uliokuwa ukisikika kifuani ukakoma, na msichana akapona.

Siku hizi mishipa mingi ya namna hiyo huzibwa bila kupasua kifua. Daktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja mpaka karibu na moyo. Lakini kila apasuapo kifua, bado huutafuta kwanza mshipa wa sauti, asije akaukata.

Basi, mkiona mtoto anatweta na kutokwa jasho anyonyapo, msiseme amelogwa, wala msimlaumu mama yake. Mpelekeni hospitali upesi.

Swali la kuzungumza darasani: Kwa nini daktari wa moyo hana budi kuujua mshipa wa sauti?