Kutoka Mtepe hadi Ramani: Msamiati wa Uundaji wa Vyombo na Safari Yake ya Bara

1. Utangulizi

Neno "muundo" limekuwa mali ya wanaisimu. Huzungumzwa muundo wa sentensi, muundo wa neno na muundo wa silabi, na ni nadra mwanafunzi kuuliza neno hilo lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya kuingia darasani. Kazi yake ya awali ilikuwa ufukweni. Katika kamusi za zamani, kitenzi "kuunda" kinahusishwa hasa na kazi ya kuunganisha mbao, na zaidi ya yote kazi ya kutengeneza chombo cha baharini. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, mkeka ulisukwa, jahazi liliundwa. Kamati, sera na sentensi zilikuja kuundwa baadaye, kwa kuazima kitenzi cha waunda vyombo.

Makala haya yanafuata njia ya msamiati huo kutoka pwani hadi Bonde la Ufa, na kusudi lake ni kuonyesha jambo moja: kwamba maneno ya kusafiri kwa chombo yalipanda bara, hali maneno ya kukiunda yalibaki pwani. Tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa maadamu chombo kiliundwa kwa jicho na kumbukumbu za fundi. Hupata uzito pale mtu aliye mbali na bahari anapotaka kuunda mashua ndogo nyumbani kwake kwa kufuata ramani, na kuifuata kwa Kiswahili.

2. Maneno yaliyopanda bara

Free Area ni mtaa ulio upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Kutoka hapo hadi bahari ya Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Ziwa Nakuru li karibu, lakini si ziwa lililolea mabaharia. Maji yake ni ya magadi; samaki wadogo wanaoishi humo waliletwa kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na 1960; na tangu 1968 ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba lugha ya mtaa kama huo haina habari na vyombo vya majini.

Lakini sivyo ilivyo. Dereva wa lori anayepita hapo hushika usukani, na nyuma yake hubeba shehena. Timu ya mpira ina nahodha. Mambo yakiharibika husemwa yamekwenda mrama, yaani yameyumba kama chombo kinacholala upande huu na upande huu mawimbini. Reli mpya ilipofika eneo la Naivasha mwaka 2019, ilifuatwa na bandari ya nchi kavu, na wasemaji hawakuona ajabu yoyote katika kuiita bandari mahali pasipo na maji. Maneno hayo yalipanda na misafara, kisha na reli, kisha na malori, na kila mara yalipata kazi mpya kwa sababu bara nako kulikuwa na kuongoza, kubeba na kufika.

Hali ni nyingine kwa mkuku, taruma, hanamu, fashini na mwashiri. Haya ni maneno ya viungo vya chombo, na seremala wa bara hana haja nayo. Yeye anazo randa, patasi, msumeno na gundi, anatengeneza vitanda, milango na makabati, na kazi hizo hazihitaji mkuku. Ni dhahiri kwamba neno hufuata haja. Palipokosekana haja, hata neno la kale na imara halikuvuka Mto Voi.

3. Ramani isiyoandikwa

Pwani, chombo kiliundwa pasipo karatasi kwa muda wa karne nyingi. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza yajulikanayo kwa jina la Periplus yanataja mashua za kushonwa katika pwani hii, na yanaeleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana nazo. Wareno waliofika na Vasco da Gama mwaka 1498 nao walistaajabia vyombo visivyokuwa na misumari. Katika visiwa vya Lamu na vya Wabajuni mapokeo hayo yalidumu katika mtepe, ambao mbao zake ziliungwa kwa vigingi vya mti na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Omo yake ilichongwa kama shingo na kichwa cha ngamia, ikachorwa macho. Ulikuwa chombo cha kuchukua boriti na mizigo mingine mizito, na kwa kuwa haukuwa na misumari, uliweza kunyumbuka ulipokokotwa ufukweni. Hasara yake ni kwamba ulivuja daima, na mabaharia wake walikuwa watu wa kuteka maji.

Jahazi la misumari liliundwa kwa utaratibu mwingine. Kwanza mkuku hulazwa. Kisha hanamu husimamishwa omo na fashini husimamishwa tezi. Mbao za chini hushikizwa, na mataruma huchaguliwa katika miti iliyopinda yenyewe tangu ilipokuwa mwituni, kwani taruma lililokatwa katika mti ulionyoka huwa limekata nyuzi za mti na halina nguvu. Ubao hutobolewa kwa keekee kabla ya kupigwa msumari, na msumari huvikwa pamba iliyochovywa mafuta ili maji yasipite. Hatimaye hutiwa kalafati katika kila ufa, na sehemu ya chini hupakwa mchanganyiko wa mafuta na chokaa ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Vipimo vilikuwa vya mwili: shibiri, dhiraa, pima. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, kazi hii ingali inafundishwa kwa kuonwa na kutendwa.

Yafaa kuangalia jinsi ramani ilivyohifadhiwa katika hali hiyo. Jina la kila kiungo lilibeba mahali pake, zamu yake na uhusiano wake na jirani yake. Fundi aliyemwambia mwanagenzi "fashini" alikuwa amemwambia kwa neno moja kwamba ni mti wa tezi, kwamba unakuja baada ya mkuku, na kwamba usukani utaning'inia juu yake. Anayejua majina yote kwa mpango wake anajua nusu ya chombo. Nusu ya pili i katika mkono na jicho, na hiyo haiandikiki kwa urahisi.

Msiba wa mtepe unathibitisha jambo hili. Uundaji wake ulikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Kamusi za Krapf (1882), Johnson (1939) na Sacleux (1939–41) zilikusanya msamiati mwingi wa vyombo, na James Hornell aliandika juu ya mtepe na dau mwaka 1941, wakati ambapo chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kutoweka. Walipotaka watu kuunda tena mtepe mwanzoni mwa karne ya 21, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib huko Unguja, iliwabidi kutegemea mifano midogo, picha na maandishi ya wageni. Neno "mtepe" lilikuwa hai katika kamusi. Mkono ulioujua ulikuwa umekwisha kuzikwa. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

4. Vyombo vilivyopita vikiwa vipande

Vyombo vya kwanza vilivyoundwa kwa ramani ya karatasi havikuleta msamiati bara, ingawa vilipita juu ya vichwa vya wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1874 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kufunguliwa na kufungwa. Vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito mno, vikapunguzwa ili wapagazi waweze kuvichukua. Mwaka 1875 mashua hiyo ililizunguka Ziwa Viktoria.

Katika miaka ya 1890 ikafuata meli ya moshi William Mackinnon, iliyotengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikapelekwa Mombasa na kuchukuliwa bara kipande kwa kipande. Njia yake ilipita Bonde la Ufa kabla reli haijafika Nakuru. Ilichukua miaka kadhaa, na meli ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Hapana shaka wapagazi walijua uzito wa kila kipande kuliko mhandisi yeyote. Lakini kwao kilikuwa mzigo, si kiungo. Jina la kiungo lilikuwa katika ramani, na ramani ilikuwa kwa Kiingereza. Hapa lugha iliyobeba chombo haikupewa nafasi ya kukiunda.

5. Vyombo vya maziwa

Si kweli kwamba bara halikuwa na maarifa yake. Katika Ziwa Baringo, kaskazini mwa Nakuru, Wailchamus waliunda vyombo vidogo vya kuvulia kwa vigogo vya mti mwepesi uotao majini, vikafungwa pamoja kwa kamba. Mvuvi mmoja hukaa ndani na kupiga maji kwa vibao viwili vidogo vya mkononi. Mahali wanapokutania wavuvi na wasafiri panaitwa kwa Kiswahili Kampi ya Samaki, lakini viungo vya chombo chenyewe vina majina ya Kichamus. Katika Ziwa Viktoria, mitumbwi mikubwa ya Waganda iliundwa kwa mbao za kushonwa, pasipo uhusiano unaojulikana na mtepe. Huko Naivasha mashua za mbao za wavuvi ni jambo la karne ya 20. Tangu mnamo 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda na kufunika mashamba, nyumba na barabara, na watu ambao hawakuwahi kufikiri juu ya mashua wamelazimika kufikiri juu yake.

6. Kushona kunarudi kwa njia ya karatasi

Mwezi Januari 1963 ilitangazwa huko London mashua ndogo iliyoitwa Mirror, kwa jina la gazeti la Daily Mirror lililoidhamini. Waliobuni walikuwa Jack Holt, mchoraji wa mashua, na Barry Bucknell, aliyejulikana katika televisheni kwa kuwafundisha watu kazi za nyumbani. Ilikuwa na urefu wa meta 3.3 na uzito wa kilo 45 hivi, ili mtu wa kawaida aiunde katika banda la nyumba yake kwa kufuata maelezo. Zaidi ya 70,000 zimeundwa.

La kustaajabisha ni namna yake ya kuungwa. Mbao za plaiwudi zilizokatwa tayari hutobolewa kingoni, hushonwa kwa waya wa shaba, kisha mshono hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi ngumu. Umbo hutokana na ubao wenyewe unapovutwa na mshono, na hakuna haja ya kusimamisha mataruma mengi kwanza. Fundi wa mtepe angeitambua hila hiyo mara moja. Yeye naye alianza na mbao, akazishona, na mataruma yakafuata. Tofauti ni kwamba utepe na gundi vimeuondolea mshono ule uvujaji uliowachosha mabaharia wa Lamu.

Jambo hili lina maana kwa mwanalugha. Namna nyepesi zaidi ya kuunda mashua nyumbani, ambayo mtu wa Free Area angeweza kuifuata kwa zana za seremala wa kawaida, inaelezeka kwa vitenzi vya kale vya Kiswahili: kutoboa, kushona, kukaza, kutia kalafati. Kinachopungua ni majina ya viungo.

7. Kazi iliyobaki

Pendekezo linaloweza kutolewa hapa ni kwamba mfasiri wa ramani aanze pwani kabla ya kubuni. Mkuku, taruma, mlingoti na usukani viko tayari. Palipo na kiungo kigeni, maneno ya kale yanaweza kuungwa. Ubao bapa unaofunga nyuma ya mashua ya plaiwudi hauna mwenzake katika chombo chenye tezi iliyochongoka. Unaweza kuitwa "ubao wa tezi". Pembe ambapo ubavu hukutana na sakafu haiko katika chombo cha mviringo. Lakini kwa kuwa ndipo panaposhonwa, "mshono wa chini" ni jina la kweli. Kuliita jambo hilo kwa neno la Kiingereza lililogeuzwa matamshi kungekuwa rahisi, ila kungemwacha msomaji bila msaada wowote wa kukisia mahali pake.

Kuna hoja dhidi ya pendekezo hili, nayo ina nguvu. "Fashini" ni geni kwa seremala wa Nakuru sawasawa na neno lolote la Kiingereza. Jibu ni kwamba ugeni huo ni wa namna nyingine. Neno la pwani lina watu wa kuulizwa. Hilo lilionekana katika jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019. Mali iliyotumika ilikuwa mpya kabisa. Viungo na majina yake vilibaki vilevile, na mafundi hawakuhitaji kamusi ili kuelewana.

Isitoshe, katika fani hii usahihi si mapambo. Neno lenye utata katika shairi huzaa fasiri nyingi. Katika ramani ya mashua huzaa maji ndani ya ngama, na aliyeiunda huwa mbali na ukingo. Kiswahili kilichowapa wanaisimu neno "muundo" kinastahili kuweza kumwelekeza mtu aunde chombo kisichovuja. Kwa mtepe, waliotaka kuuliza walichelewa. Matondoni mafundi wangali wakifanya kazi, na majina ya viungo yangali vinywani mwao.